Kuupima Moyo Ukiwa Kazini

Mkulima wa Michenga anayepeleka gunia la mpunga Ifakara mjini kwa baiskeli ameshaupima moyo wake kabla ya daktari. Akisema kifua humbana akikanyaga kwa nguvu na huachia akishuka kupumzika, ametoa taarifa nzito. Mshipa wa moyo uliosinyaa unaweza kupitisha damu ya kutosha mtu akiwa amekaa. Kazi ikizidi, misuli ya moyo hudai damu zaidi na mshipa hushindwa kuileta. Ndiyo maana ECG, yaani grafu ya umeme wa moyo, aliyopimwa amelala inaweza kutoka safi kabisa.

Hapo ndipo kinapotafutwa kipimo cha moyo cha mazoezi, ambacho kutoka huku bonde la Kilombero kinaweza kumfikisha mtu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 400. Mashine ni mkanda wa kutembelea tu. Ninayemstahi ni yule anayesimama pembeni yake.

Kazi yake huanzia kwenye ngozi. Hunyoa nywele za kifua, hufuta jasho na mafuta, husugua kidogo, ndipo hubandika vibandiko 10 na kuzifunga nyaya zisining'inie. Akiharakisha hapa, mstari wa grafu utatetemeka baadaye na itakuwa vigumu kujua kama ni ugonjwa au ni waya unaocheza.

Mpangilio unaotumika sana ni wa Robert Bruce, daktari wa Seattle, Marekani, wa miaka ya 1960. Mkanda huanza kwa kilomita 2.7 kwa saa, mwinuko wa asilimia 10, kisha kila baada ya dakika 3 kasi na mwinuko huongezwa. Hatua ya 4 ina mwinuko wa asilimia 16. Kwa miguu iliyozoea tambarare ya Kilombero, huo ni mlima kweli. Kwa kawaida hulengwa asilimia 85 ya mapigo yanayopatikana ukitoa umri kwenye 220. Mwenye miaka 50 atatakiwa kufika kama 145 kwa dakika.

Wakati huo msimamizi anapima presha ya mtu anayetembea, jambo linalotaka mkono mtulivu na sikio zuri. Namba ya juu ya presha inapaswa kupanda. Ikishuka huku kazi inaongezeka, mkanda husimamishwa. Kwenye grafu anaangalia kipande kinachofuata pigo kubwa: kikishuka milimita 1 au zaidi na kubaki bapa, huenda moyo unakosa damu.

Lakini macho yake hayatoki usoni mwa mgonjwa. Wazee wetu wengi wakiulizwa hali hujibu "salama tu" hata wakiumia, kwa heshima. Msimamizi hodari haridhiki na jibu hilo. "Mzee, kifua kinabana? Wapi? Kinazidi?" Anasikiliza pia pumzi inayokatika katikati ya neno.

Mkanda ukisimama haondoki, kwa kuwa dalili nyingine hujitokeza wakati wa kupumzika. Na kuna anaowakatalia kabisa kupanda: mwenye maumivu ya kifua hata akiwa ametulia, au mwenye vali iliyobana vibaya na kumletea dalili. Naona kukataa huko ndiko kilele cha ufundi wake.

Kipimo hukosea pia. Kwa wanawake, hasa, huonyesha mara nyingi zaidi tatizo lisilokuwepo. Kwa hiyo ripoti nzuri haiishii "chanya" au "hasi". Inaandika dakika alizotembea, mapigo aliyofikia, maumivu yalianza lini na kwa nini mkanda ulizimwa, ili daktari wa Ifakara atakayeipokea ajue dawa ipi aongeze.