Maana za Vitenzi Virai vya Kiingereza na Kosa la Kuilaumu Lugha ya Nyumbani: Mfano wa Tarime na Serengeti

Utafiti kuhusu vitenzi virai vya Kiingereza, yaani vitenzi vinavyoungana na kijineno kama "up", "off" au "out", umeongozwa kwa muda mrefu na swali moja: kwa nini wanafunzi wa kiwango cha kati cha juu huvikwepa? Dagut na Laufer (1985), waliochunguza wazungumzaji wa Kiebrania, walijibu kwamba lugha yao ya kwanza haina muundo huo. Hulstijn na Marchena (1989) walilitilia shaka jibu hilo walipoonesha kwamba hata Waholanzi, ambao lugha yao ina vitenzi vya namna hiyo, hukwepa baadhi ya vile vyenye maana ya kinahau. Hata hivyo, jibu la kwanza bado lina wafuasi: mwanafunzi akishindwa, lugha ya nyumbani hulaumiwa.

Wilaya za Tarime na Serengeti zinaonesha udhaifu wa lawama hiyo. Wanafunzi wengi huko hukua na Kikurya, Kingoreme, Kiikoma au Kinata, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia katika sekondari. Lugha hizi za Kibantu hubadili maana ya kitenzi hasa kwa viambishi vya mnyambuliko. Katika Kiswahili, "funga" huzaa "fungua", "kunja" huzaa "kunjua", na "ziba" huzaa "zibua". Hata hivyo, hakuna anayedhani kwamba "nunua" ni kinyume cha "nuna". Mwanafunzi basi anajua tayari kwamba umbo lilelile huweza kubeba maana mahali pamoja na kutoibeba pengine. Ujuzi huohuo ndio unaohitajika mbele ya "up", ambayo katika "stand up" huonesha mwelekeo, katika "eat up" huonesha ukamilifu wa tendo, na katika "give up" haionekani waziwazi inaonesha nini.

Kiswahili kinakaribia zaidi ya hapo. Mahakama "hutupilia mbali" ombi, na kwa Kiingereza ombi hilo huelezwa kwa "throw out". Katika lugha zote mbili hakuna kitu kilichorushwa. "Futilia mbali" inakaribiana vivyo hivyo na "wipe out". Kauli ya kutendea pamoja na "mbali" hapa hukamilisha tendo, kazi ambayo Kiingereza huipa kijineno. Kadhalika, "tokea" imesafiri kutoka kwenye mwendo wa kutoka hadi kwenye tukio, kama "come up" ilivyosafiri.

Kinachostahili kuhakikiwa, basi, ni orodha ya kukariri yenye tafsiri moja kwa kila kitenzi. Gardner na Davies (2007) walibaini kwamba vitenzi virai 100 vinavyotumika zaidi vina wastani wa maana zaidi ya tano kila kimoja. Aliyekariri kwamba "take off" ni "kuvua" atakwama ndege inapopaa. Hasara yake haiishii katika mtihani. Kijana anayetafuta kazi ya kuongoza watalii Serengeti, akiielewa "look out" kuwa "angalia nje", atachungulia dirishani wakati anaonywa ajihadhari. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, "set off" inaweza kuwa kuanza safari au kulipua baruti.

Ulinganisho huu una mipaka. Kiambishi cha Kiswahili hakitenganishwi na mzizi kwa kupachika yambwa kati yao, ilhali Kiingereza huruhusu "turn it off". Wazungumzaji wa Kijaluo, lugha ya Kiniloti, hawatoki katika mfumo wa Kibantu, ingawa nao wanafika darasani na Kiswahili. Baadhi ya maana pia zitabaki za kukariri. Hata hivyo, somo likianza kwa kuwauliza wanafunzi kwa nini "tupa" imekuwa "tupilia mbali", na kwa nini ombi "hutupwa", watafika kwenye "throw out" wakiwa na swali wanalolielewa. Mwalimu wa Kiingereza wa Tarime anaweza kuanza hivyo bila kusubiri kitabu kipya.