Kabla Odysseus hajafika kwenye kibanda chetu

Tarehe 17 Julai 2026 muvi mpya ya Christopher Nolan, The Odyssey, inaingia kwenye majumba ya sinema. Kwetu kambini haiingii siku hiyo. Itakuja kwa flashi, labda miezi miwili baadaye, na tukiwa na bahati itakuwa imeshatafsiriwa na DJ. Lakini vijana wangu wa kikundi cha jioni washaangalia trela kwenye simu moja mpaka chaji ikakata, na mimi nilikuwemo.

Kwa wasioijua hadithi: Odysseus, ambaye hapa ni Matt Damon, anapigana Troy miaka 10, halafu anahangaika miaka mingine 10 akitafuta njia ya kurudi kwao. Shairi lenyewe ni la Homer, Mgiriki wa kale.

Trela inauza mawimbi, mapanga na yule farasi mkubwa wa mbao. Sawa, tangu Jaws ya 1975 Wamarekani wamezoea kutoa muvi kubwa wakati wa kiangazi chao, shule zikifungwa. Ila mi nasubiri nusu ya pili. Odysseus anafika nyumbani anakuta wanaume zaidi ya 100 wanakula mifugo yake na kumgombania mke wake. Anaingia kwake na matambara ya ombaomba. Mtoto aliyemwacha mchanga hamjui. Mbwa wake mzee ndiye anayemtambua bila kuambiwa, anatikisa mkia, anakufa.

Hapo ndipo nitampima Nolan. Wazee wa Burundi waliokimbia 1972, wengine walirudi wakakuta mashamba yana watu, na hao watu nao wana watoto waliozaliwa pale pale. Odysseus alimaliza kesi yake kwa upinde, akaua wote, hadi wajakazi wakanyongwa. Muvi ikitufanya tushangilie hayo bila kusita hata kidogo, nitasema imeharibika, hata picha ziwe nzuri namna gani. Kijana mmoja aliyezaliwa hapa hapa aliniuliza: "Kaka, sasa mi ni nani humo? Mbona sijawahi kuondoka popote?" Nilimwambia asubiri tuione kwanza. Ukweli sikuwa na jibu.

Kuna jambo lingine, na hili linaniuma. Sehemu ya muvi imepigwa Dakhla, Sahara Magharibi, nchi ambayo sehemu yake kubwa inashikiliwa na Morocco. Wasaharawi wengi wako kambini karibu na Tindouf, Algeria, takriban miaka 50 sasa. Wana tamasha lao la filamu humo humo kambini, linaitwa FiSahara, na Julai 2025 waandaaji wake walimtaka Nolan aache kupiga picha pale. Yaani hadithi ya mtu anayetafuta kwao, imepigwa kwenye ardhi ambayo wakimbizi wenzetu hawawezi kuirudia. Ningependa vijana walijue hilo kabla taa hazijazimwa.

Nitaiangalia? Ndiyo bwana, tena mstari wa mbele. Lupita Nyong'o yumo, na huyo wenyewe alizaliwa Mexico wazazi wake wakiwa mbali na Kenya kwa sababu ya siasa. Mwenye kibanda nimeshamwomba asituletee nakala iliyokatwa, maana hawa maDJ wakiona watu wanaongea tu ndani ya nyumba, wanakimbiza.