Mtu wa Katikati: Riwaya Tano za Andrzej Sapkowski

Wahenga walisema kwamba wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa ajili ya kuwalaumu ndovu, na lawama hiyo ni ya haki. Walakini lipo swali ambalo methali haikuliuliza: je, nyasi zinayo njia ya kujitenga na ugomvi usiokuwa wao? Mwandishi wa Kipolandi, Andrzej Sapkowski, aliyezaliwa katika mji wa Łódź mwaka 1948, ametumia riwaya tano nzima kulichungua swali hilo. Wasomaji wengi huvichukua vitabu vyake kuwa ni hadithi za mazimwi na mapanga tu, nao hufurahi kwa kadiri hiyo. Msomaji anayevifuata kimoja baada ya kingine, kwa taratibu, huona kwamba zimwi lililo kubwa kuliko yote humo halina pembe wala makucha.

Sapkowski alisomea uchumi, akafanya kazi katika biashara ya nje kabla ya kuishika kalamu kuwa riziki yake. Mwaka 1986 hadithi yake fupi iitwayo "Wiedźmin" ilichapwa katika gazeti la Fantastyka, ikiwa imepata nafasi ya tatu katika shindano la gazeti hilo. Neno lenyewe alilibuni yeye. Kipolandi kina neno wiedźma, maana yake mchawi wa kike, naye akalitungia mwenziwe wa kiume. Mtu aitwaye kwa jina hilo ni Geralt, aliyetolewa kwao akiwa mtoto, akanyweshwa madawa yaliyoubadili mwili wake, akafundishwa kuwinda mazimwi kwa ujira. Watu humwita wapatapo shida, na shida ikiisha humwona naye kuwa ni zimwi. Hadithi fupi juu yake zilikusanywa katika vitabu viwili, cha mwaka 1992 na cha mwaka 1993, kisha zikafuata riwaya tano kati ya mwaka 1994 na mwaka 1999.

Hapa halina budi kutajwa jambo moja la kusoma, kwa kuwa limeharibu hukumu za watu wengi. Riwaya ya kwanza ilitokea kwa Kiingereza mwaka 2008, lakini mkusanyo wa hadithi uitwao Miecz przeznaczenia, yaani Upanga wa Ajali, haukutokea kwa lugha hiyo mpaka mwaka 2015. Sasa ni katika mkusanyo huo ndimo Geralt anamokutana na mtoto Ciri msituni, na ndimo anamomkana, na ndimo anamompata tena baada ya mji wa babu na bibi yake kuteketezwa. Mkutano huo wa pili ndio nguzo ya nyumba yote. Msomaji aliyeingia ndani bila ya kuiona nguzo alisema kwamba mapenzi ya Geralt kwa mtoto huyu hayana sababu, na kwamba riwaya ya kwanza ni baridi. Kosa halikuwa la mwandishi. Msomaji wa Afrika ya Mashariki asomaye vitabu hivi kwa Kiingereza yampasa kuanza na mikusanyo yote miwili. Asiyefanya hivyo na asiharakishe kuhukumu.

Riwaya ya kwanza, Krew elfów, maana yake Damu ya Waelfi, ni ya mwaka 1994. Waelfi ni watu wa kale wa nchi hiyo ya kubuniwa, waliosukumwa kando na wanadamu waliokuja baadaye. Kitabu hiki kina vitendo vichache. Mtoto anafunzwa upanga, kisha anafunzwa vitabu, kisha anafunzwa uchawi, wakubwa wanazungumza, wafalme wanapanga vita gizani. Wako wanaokilaumu kwa uchache huo wa mambo, na lawama yao ina ukweli kiasi. Lakini ndani yake imo sura moja inayotosha kukitetea. Geralt na Ciri wanasafiri pamoja na msafara wa mbilikimo waliokabidhiwa mizigo ya mfalme. Geralt anamweleza mtoto kwamba yeye haegemei upande wowote, si wa wanadamu wala si wa waelfi wanaopigana msituni. Msafara unavamiwa, watu wanauawa pande zote mbili, kisha masanduku yanafunguliwa: ndani yake mna mawe matupu. Mfalme alikuwa akiwajaribu mbilikimo, aone kama watakuwa waaminifu. Damu imemwagika kwa ajili ya mawe. Mwandishi haongezi mahubiri, na msomaji anafahamu kwamba neno la Geralt juu ya kutoegemea upande limekwisha kupasuka siku ile ile lilipotamkwa.

Riwaya ya pili, Czas pogardy, yaani Wakati wa Dharau, ya mwaka 1995, inaichukua hoja hiyo na kuivunja kabisa. Wachawi wanakutanika katika kisiwa cha Thanedd. Katika nchi hii uchawi ni elimu ya shule, na wachawi ni washauri wa wafalme. Kwa hiyo karamu yao ni baraza la siasa. Mkubwa mmoja wao, Vilgefortz, anamtaka Geralt achague upande, naye anakataa kwa adabu. Kabla ya siku ya pili kwisha, mchawi yule amemvunja mifupa kwa fimbo ya chuma. Hakuna shujaa katika riwaya za namna hii aliyewahi kushindwa waziwazi zaidi ya hapo, tena katikati ya hadithi. Sehemu ya pili ya kitabu inamfuata Ciri jangwani peke yake, kisha katika genge la vijana wanyang'anyi, ambako anajipa jina jipya. Sehemu hizi mbili haziungani vizuri. Ni kama vitabu viwili vilivyoshonwa kwa uzi mmoja. Hata hivyo maana yake ni moja: mtu mzima aliyekataa kuchagua amevunjwa, na mtoto aliyenyimwa nafasi ya kuchagua amepotea.

Riwaya ya tatu, Chrzest ognia, yaani Ubatizo wa Moto, ya mwaka 1996, ndiyo bora kuliko zote. Geralt, akichechemea, anakwenda kumtafuta mtoto. Njiani wanamfuata watu ambao hakuwaomba: mshairi rafiki yake, mwanamke mpiga mishale aitwaye Milva, kijana askari aliyekuwa wa jeshi la adui, na daktari mstaarabu ambaye baadaye anajulikana kuwa ni mnyonya damu aliyeacha kunywa damu. Geralt anawafukuza, nao hawaendi. Wanapika supu ya samaki pamoja, na katika kuosha samaki, kuchochea moto na kubishana juu ya chumvi, urafiki unazaliwa bila ya mtu kuutaja. Milva ni mjamzito, wala hajui afanye nini na mimba hiyo; wanaume wanaomzunguka hawana jibu lililo tayari, na mwandishi hawapi. Baadaye, katika mapigano ya darajani ambayo hayakuwa yao, Milva anaipoteza mimba, na Geralt anapewa cheo cha ushujaa na malkia wa Rivia. Kejeli yake ni kali. Geralt hakuzaliwa Rivia. Jina hilo alijibandika tu. Vita vimemfanya kuwa kweli jambo alilokuwa akilidai kwa uongo, tena kwa bei iliyolipwa na mtu mwingine.

Wieża Jaskółki, yaani Mnara wa Mbayuwayu, ilitokea mwaka 1997. Hapa mwandishi anaacha njia iliyonyoka. Ciri, akiwa na jeraha usoni, ameokotwa kinamasini na mzee Vysogota, mwanachuoni aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya maoni yake, naye anamsimulia mzee yaliyompata. Masimulizi yake yanakatizwa na masimulizi ya wengine, kabla na baada, hata msomaji asiye mwangalifu hupoteza njia. Wako wanaosema kwamba huu ni utundu wa mwandishi. Sivyo. Mtu aliyetendewa ukatili hausimulii kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Husogea, hurudi nyuma, hunyamaza, huanza tena. Muuaji Bonhart, aliyewaua vijana wenzake mbele ya macho yake, anatisha kuliko mazimwi yote ya hadithi fupi, kwa kuwa ni mwanadamu tu. Kosa la kitabu liko mahali pengine: mwandishi anaupenda mno ukatili huo, akaurefusha kupita haja ya maana.

Ya mwisho, Pani Jeziora, yaani Bibi wa Ziwa, ya mwaka 1999, ndiyo ndefu, nayo ndiyo yenye makosa mengi. Kukaa kwa Geralt katika nchi ya mvinyo ya Toussaint kunachosha. Habari ya kuwa mfalme mkuu wa adui ndiye baba yake Ciri inaunganisha mambo kwa urahisi mno. Wenzake Geralt wanne wanakufa katika ngome moja, kwa haraka ambayo haiwapi haki yao baada ya msomaji kuwapenda kwa vitabu viwili. Pamoja na hayo, kitabu hiki kina sura mbili ambazo mhakiki yeyote angeona fahari kuzieleza.

Ya kwanza ni ya vita vya Brenna. Mwandishi hatuonyeshi ushindi kutoka juu ya kilima. Anatuingiza katika hema la waganga. Mpasuaji mfupi wa kimo pamoja na wasaidizi wake wanakata, wanafunga, wanashona, na mtu akilazwa mezani haulizwi ametoka upande gani. Hapo ndipo swali la riwaya zote linapojibiwa. Kumbe kutoegemea upande kuko kwa namna mbili. Iko namna ya mtu apitaye kando asije akachafuka, na namna hiyo Thanedd iliivunja. Iko namna nyingine ya mtu aingiaye katikati ya damu mpaka viwikoni kwa ajili ya yeyote aliyelala mbele yake. Ya kwanza ni woga uliovaa joho la hekima. Ya pili ni huruma, nayo ina kazi ngumu kuliko ya askari.

Sura ya pili ni ya mwisho. Vita vimekwisha, wafalme wametia sahihi mapatano, na maafisa waelfi waliolitumikia dola la kusini wametolewa na mabwana zao wakauawe. Geralt amekata shauri kuiacha kazi ya upanga. Ndipo katika mji wa Rivia ugomvi mdogo unapogeuka kuwa ghasia, na watu wa mji wanaanza kuwaua mbilikimo na waelfi majumbani mwao. Safari hii Geralt haulizi habari ya pande. Anasimama mlangoni mwa wanyonge, na kijana asiye na sifa yoyote anamchoma kwa uma wa shambani, wa kubebea majani makavu. Zimwi halikumuua, amemuua jirani. Łódź, mji wa mwandishi, ulikuwa na Wayahudi zaidi ya 200,000 kabla ya vita vya mwaka 1939, wakiishi pamoja na Wapolandi na Wajerumani. Mwaka 1940 Wajerumani waliouteka mji waliwafungia Wayahudi katika mtaa wao, na wachache tu walisalimika. Si lazima kudai kwamba riwaya ni fumbo la habari hiyo. Yatosha kusema kwamba mtu aliyekulia katika mji kama huo hakuhitaji kubuni kila kitu.

Baadaye Sapkowski alirudi kwa Geralt mara mbili: mwaka 2013 kwa Sezon burz, juu ya mambo yaliyotangulia riwaya tano, na mwaka 2024 kwa Rozdroże kruków, juu ya ujana wake. Vitabu hivi husomeka kwa raha, lakini msomaji anajua kwamba mtu huyu hatakufa humo, wala hana la kuchagua litakaloubadili mwisho. Ni ziara kwa rafiki, si safari pamoja naye.

Msomaji wa Kiswahili aliyeizoea Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotokea mwaka 1951, hatashangaa kuona nchi isiyokuwako ikisema kweli juu ya nchi zilizoko. Tofauti ni kwamba Shaaban Robert huweka mshitakiwa mbele ya baraza, na hoja ikashinda kwa uzuri wake. Sapkowski hana baraza la kumwamini. Kwake yeye hoja haishindi. Mtu hushindwa, kisha hujifunza mahali pa kusimama, na akishapajua, huenda muda wake umekwisha. Hilo si fundisho la furaha. Ni la kweli, nalo limesemwa katika vitabu ambavyo wengi walivinunua kwa ajili ya mazimwi.