Saikolojia Kabla ya Chuo Kikuu: Sayansi au Katekisimo?

Tahasusi zilizozoeleka za kidato cha tano na cha sita, kama vile PCB na HGL, hazina somo la saikolojia. Kijana wa Mitwero, pwani ya Lindi, asiyeingia chuo kikuu hukutana na somo hilo katika chuo cha ualimu, kama atakutana nalo popote. Na huko, mara nyingi, hulipokea kama orodha ya majina: Freud, Pavlov, Skinner, Piaget, kila mmoja na hatua zake za kukaririwa. Hii ni katekisimo, tena isiyo na Mungu.

Tumchukue Piaget. Mtoto huonyeshwa glasi mbili zenye maji sawa, naye hukiri kuwa ni sawa. Maji ya glasi moja humiminwa katika chombo chembamba kirefu, kisha huulizwa tena. Wengi wa miaka mitano husema yameongezeka. Piaget alihitimisha kwamba hawajatambua kuwa kiasi hakibadiliki. Mwanachuo huandika hivyo katika mtihani, akafaulu.

Lakini mwaka 1984, huko Uingereza, Judith Samuel na Peter Bryant waliwapima watoto wa miaka mitano hadi minane, na baadhi yao wakaulizwa mara moja tu, baada ya badiliko. Hao walikosea kwa uchache zaidi. Umri ulibaki na uzito wake, kwa hiyo Piaget hakuangushwa. Lililofichuliwa ni kwamba swali lenyewe lilikuwa likimfundisha mtoto jibu.

Mtoto aliyelelewa kwa adabu za pwani hujua kwamba mkubwa akirudia swali, jibu la kwanza halikumridhisha. Je, hubadili jibu kwa kutoelewa, au kwa heshima? Hiyo ni dhana tu, na yapasa kupimwa. Glasi, maji, daftari na watoto wa Mitwero vyatosha. Hakuna haja ya kungoja maabara.

Wapo wachungaji wasemao kwamba nafsi haipimiki. Ni kweli, wala hakuna aliyeahidi kuipima nafsi ya mtunga Zaburi. Kinachopimwa ni jibu la mtoto. Nasi twaulizaje? Katika darasa la kipaimara twarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, mtoto ayumba, nasi twamwandika kuwa mzito wa akili, kisha twamrudisha mwaka mzima.