Neno "Wadachi" katika Utenzi wa Mrima

Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy unajulikana kwa jina la Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Jina hilo linawataja Wadachi peke yao. Lakini Mei 1889, Hermann Wissmann alipoivamia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo, Wadachi walikuwa wachache. Wengi wa askari wake walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, ambao nchi yao ilikwisha kutwaliwa na wafuasi wa Mahdi, pamoja na watu waliotolewa Msumbiji. Hawa ndio waliopigana na watu wa pwani, ugenini, kwa mshahara.

Je, jina limewadhulumu? Jibu limo katika kitenzi. Kutamalaki ni kumiliki na kutawala. Mshahara ulikuwa wa askari. Nchi ikawa ya Berlin. Kwa upande wa milki, basi, jina limesema kweli. Kwa upande wa damu, limesema nusu. Msomaji wa Mlingotini, kusini ya Bagamoyo, ana haki ya kuwalilia wazee wake walionyang'anywa nchi. Nusu iliyobaki ni ya mgeni aliyewapiga risasi, naye kwao hakuna tena.