Nani Ametiwa Najisi?

Haipiti wiki kabla ya kusoma magazetini kwamba fulani amefikishwa kortini kwa 'kumnajisi' mtoto. Neno hili tumelizoea mno. Hebu tulitazame upya, mpenzi msomaji.

Najisi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni uchafu wa kidini: mkojo, mate ya mbwa, nyama ya nguruwe. Ikikupata, huswali mpaka ujitoharishe. Kumnajisi mtu basi ni kumtia uchafu huo. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka wa 2006 inatenganisha ubakaji na kosa la kumwingilia mtoto wa chini ya miaka 18, na jina la Kiingereza la kosa hilo la pili nalo lina maana ya kuchafua. Sisi tukalifasiri hivyo hivyo, bila kuliuliza swali. Mshtakiwa anatiwa pingu. Mtoto anatiwa uchafu. Magazeti ya Tanzania kwa kawaida husema 'kubaka', awe mtoto au mtu mzima, na wasomaji wao wanaelewa vizuri.

Sarufi nayo haina huruma. Chukua kichwa cha habari kama hiki: 'Msichana abakwa akitoka disko'. Kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na 'akitoka disko' ikaketi pale alipopaswa kuwa, kana kwamba disko ndiyo iliyobaka. Kwani kuna ugumu gani kuandika 'Mwanamume adaiwa kumbaka msichana'? Eti kichwa kinakuwa kirefu! Halafu wazee watakwambia mchezea tope humrukia. Nauliza: katika methali hiyo, hapa, aliyekuwa akicheza ni nani?

Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye steji ya matatu. Siku hizo niliwasikia wasomi, watu wa shahada zao, wakiulizana kwa sauti ya chini, "Lakini alikuwa amevaa aje?" Kifungu cha 34 cha sheria niliyoitaja kinamzuia wakili kuchimbua maisha ya mapenzi ya mlalamishi bila idhini ya mahakama. Nyumbani na maofisini mwetu hakuna kifungu.

Nami simo nje ya lawama hii. Miaka mingi iliyopita mwanafunzi wangu aliingia ofisini, akaketi, akanieleza kwa shida alichofanyiwa na mtu aliyempa lifti. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Na wewe ulikuwa unatoka wapi saa hizo?" Wallahi nilidhani namhurumia.

"Maktabani, mwalimu," akasema.

Kisha akanyamaza, akawa anatafuta mkoba wake sakafuni ilhali alikuwa ameupakata. Sikujua niseme nini. Tasnifu yake aliimalizia kwa msimamizi mwingine, na hata tulipokutana kwenye ngazi aliniamkia kwa adabu na kupita.