Mafundi wa Assynt

Mwanafunzi wa jiolojia hufundishwa mapema kwamba tabaka la chini ni kongwe kuliko lililo juu yake. Kaskazini-magharibi mwa Uskoti, Assynt na kandokando yake, kanuni hiyo iligoma. Huko, juu ya mawe ya chokaa yenye visukuku, imelala miamba ya shisti isiyo na kisukuku, iliyokwisha kupikwa na joto la chini ya ardhi. Roderick Murchison, mkuu wa idara ya upimaji wa jiolojia ya Uingereza, akaamua: ya juu ni changa, basi. James Nicol wa Aberdeen akapinga. Kwake, shisti ilikuwa imesogezwa. Mmoja alikuwa na cheo, mwingine alikuwa na hoja. Cheo kikatawala kwa zaidi ya miaka 20.

Ubishi huo ulimalizwa na watu wa ramani. Kuchora ramani ya miamba ni kazi ya miguu. Fundi hubeba nyundo, dira na karatasi ya ramani, wakati ule ya kipimo cha inchi 6 kwa maili. Kila jiwe linalochungulia hulipasua, akaangalia ndani, akapima limeinamia wapi, kisha akatia rangi kidogo mahali pake. Jiwe lisipoonekana, husoma majani: penye chokaa nyasi hustawi, penye kwatsaiti, mchanga uliogeuka jiwe gumu, ardhi ni fukara. Mwanajiolojia Charles Lapworth alianza hivyo huko Eriboll, eneo hilo hilo, mwaka 1882, akifuata tabaka moja moja, hata akaugua. Mwaka uliofuata idara ikawapeleka Ben Peach na John Horne.

Kati ya tabaka zote walizozifuata, ninalolipenda ni lile la kwatsaiti nyeupe iliyotobolewa na minyoo ilipokuwa bado mchanga wa baharini, miaka kama milioni 500 iliyopita. Vishimo vilijaa mchanga, vikawa mabomba yaliyosimama wima. Ukiutazama mwamba kwa juu unaona viduara. Mwamba uliposukumwa kwa nguvu, mabomba yaliinama. Uliposukumwa zaidi yalilala kabisa, na viduara vikavutika upande mmoja. Mnyoo hakujua kwamba anamwachia mtu rula. Anayejua kuisoma anaona msukumo ulielekea wapi, na kwa ukali gani.

Wakipanda mlima, Peach na Horne walikutana na mwamba wa minyoo, halafu tabaka jembamba la rangi ya kutu, halafu chokaa. Hatua chache juu yake, mwamba wa minyoo tena, kutu tena, na mbele tena hivyo hivyo. Mtu mwenye haraka angehesabu tabaka nyingi. Wao walitambua kuwa ni zile zile. Milima ilipokuwa ikijengwa, miaka kama milioni 430 iliyopita, tabaka zilikatika kwa nyufa za mlalo wa chini, kipande kikapandishwa juu ya kipande, kama makuti paani. Juu ya yote, bamba kubwa la shisti likasukumwa kuelekea magharibi kwa makumi ya kilomita. Pale Glencoul, mwamba wa karibu miaka bilioni 3 umekaa juu ya kwatsaiti ile changa.

Archibald Geikie, mkuu mpya wa idara na mfuasi wa Murchison, alikwenda kujionea, na mwaka 1884 akakiri hadharani kwamba yeye na Murchison walikosea. Si kila mkubwa hufanya hivyo.

Mwenzao Henry Cadell akataka kuuona mlima ukijengwa. Akatengeneza sanduku, akapanga humo mchanga mbichi na plasta ya unga kwa tabaka. Plasta ikanyonya maji, ikakakamaa. Akasukuma upande mmoja polepole. Tabaka zikakatika, zikapandana, akazipiga picha. Majaribio hayo ya miaka ya 1880 bado hurudiwa vyuoni kwa masanduku ya kioo, na mchanga hukatika vile vile.

Peach alikuwa na mkono wa kuchora, na kuandika hakukupenda. Maandishi akamwachia Horne. Ripoti yao kamili ilitoka 1907, miaka 24 tangu waanze, na ramani ya Assynt ikachapishwa peke yake mwaka 1923. Ukibahatika kuipata, acha maelezo ya pembeni kwanza. Shika ule mstari mwembamba wa tabaka la kutu, uufuate kwa kidole unavyokatika na kujirudia. Kila ulipokatika, kuna mtu aliyefika kwa miguu kuhakikisha. Nicol, aliyekufa 1879, hakuiona.